Watu wa Vilima si Vikaragosi: Dhidi ya Uhakiki Unaodogosha Ngano za Kiselti

Utangulizi

Dhana moja imekita mizizi katika ufundishaji wa fasihi za kigeni, nayo ni kuwa viumbe wa ngano za Kiselti ni vijitu vidogo vizuri, vyenye mbawa za kipepeo, ambavyo hulala ndani ya maua na kuwatimizia watoto wema haja zao. Dhana hii hurudiwa katika vitabu vya watoto, katika filamu, na hata katika mihadhara ya vyuo vikuu, mahali ambapo mtu angetarajia chanzo cha dai kiulizwe kabla ya dai lenyewe kupitishwa. Anayeirudia aghalabu hana nia mbaya. Hata hivyo, uhakiki haupimwi kwa nia ya mhakiki. Hupimwa kwa uaminifu wake kwa matini, na kwa kipimo hicho dhana hii imefilisika.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanaipinga pia dhana ya pili, ambayo hujitokeza kama mkombozi kila ile ya kwanza inaposhambuliwa, yaani kwamba viumbe hao ni hekima ya siri ya roho ya Kiselti, masalia ya zama ambazo binadamu na maumbile waliishi kwa mapatano, na kwamba kazi ya msomaji ni kuinamisha kichwa mbele yao. Mtetezi wa dhana ya kwanza humwona mwenye kuamini kama mtoto. Mtetezi wa dhana ya pili humwona kama kuhani. Hakuna kati yao anayemwona kama mpangaji anayelima shamba la kabaila, mama mwenye mtoto asiyenenepa, au mume anayemtazama mkewe mgonjwa asimtambue. Dai la makala haya ni kuwa ngano hizi zilikuwa lugha ya kusemea mambo hayo hasa: ardhi, njaa, maradhi na mamlaka ndani ya nyumba. Mhakiki anayezipitia bila kuyaona mambo hayo hajazisoma.

Jina Lililo Anwani

Yafaa kuanza na jina. Neno la Kiingereza fairy lilitoka katika Kifaransa cha kale, na asili yake ni neno la Kilatini fata, lenye kuhusu ajali na majaliwa. Halikuzaliwa Ireland wala katika nyanda za juu za Scotland. Katika Kigaeli cha Ireland viumbe wanaozungumziwa huitwa aos sí, na neno sí, ambalo maandishi ya kale huliendeleza síd, maana yake ni kilima au tuta la ardhi. Aos sí, basi, ni watu wa vilima. Jina lao ni anwani. Halisemi lolote kuhusu kimo chao, mbawa zao wala wema wao. Linasema wanakokaa, na wanakokaa ni chini ya ardhi ileile ambayo msimulizi anailima na kuilishia ng'ombe wake.

Maandishi ya zama za kati yanaeleza jinsi walivyofika huko. Kwa mujibu wa Lebor Gabála Érenn, mkusanyiko wa visasili na nasaba wa karne ya 11, Tuatha Dé Danann walikuwa na nchi ya Ireland mikononi mwao hadi waliposhindwa na wana wa Míl, ambao wasimulizi waliwachukulia kuwa mababu wa Wagaeli. Walioshindwa wakaingia chini ya ardhi. Kisa kifupi kiitwacho De Gabáil in t-Sída, kilichohifadhiwa katika Kitabu cha Leinster cha karne ya 12, kinaongeza jambo zito: baada ya kushindwa, Tuatha Dé Danann waliharibu nafaka na maziwa ya washindi wao, hadi washindi hao walipolazimika kufanya mapatano na Dagda, mkuu wa walioshindwa. Ni baada ya mapatano hayo ndipo nafaka na maziwa vilipopatikana tena.

Hapa hapana mbawa wala kifimbo cha uchawi. Pana vita, pana kunyang'anywa nchi, na pana mkataba ambao mshindi hana budi kuuheshimu asije akafa njaa. Kisasili hiki kinahusu umiliki wa ardhi, na kinasema waziwazi kwamba aliyetwaa nchi kwa nguvu bado anadaiwa na waliokuwamo kabla yake.

Mahali pa mkataba huo panaonekana kwa macho. Brú na Bóinne, ambako kisa hicho kinasema Óengus alimpokonya Dagda makao yake kwa hila, ndiko kuliko na Newgrange, katika kaunti ya Meath, kaburi kubwa la mawe lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo. Kote mashambani yapo pia maboma ya mviringo ya udongo, mengi yakiwa ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, na wataalamu wa mambo ya kale wamehesabu zaidi ya 40,000. Yalijengwa na wakulima kwa ajili yao na mifugo yao. Vizazi vya baadaye viliyaita makao ya watu wa vilima na kukataa kuyalima. Jambo hili lastahili kuzingatiwa na kila anayedhani imani hizi zilikuwa mchezo wa watoto: mkulima aliyekuwa na ekari chache, akijua thamani ya kila hatua yake, alizungusha jembe lake pembeni ya boma na kuiacha sehemu hiyo bila mbegu.

Wala viumbe hawa hawakutajwa ovyo. Ireland waliitwa daoine maithe, yaani watu wema, au daoine uaisle, yaani waungwana. Wales waliitwa Tylwyth Teg, jamaa wazuri. Msomaji anayeyachukua majina haya kuwa ushahidi wa upole wao haijui adabu ya hofu. Mwenye nguvu huitwa mwema ili apate haya ya kutenda ubaya. Isitoshe, uungwana ulikuwa pia sifa ya tabaka la makabaila waliokusanya kodi ya ardhi. Wapangaji waliokaa baina ya waungwana wa aina mbili, mmoja juu ya kilima katika jumba lake na mwingine chini ya kilima katika lake, hawakuhitaji mhakiki wa kuwaeleza maana ya kufanana huko.

Nani Aliwapa Mbawa?

Udogo wa viumbe hawa una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa Uingereza. Katika tamthilia ya A Midsummer Night's Dream, iliyotungwa katika miaka ya 1590, Shakespeare aliwapa watumishi wa malkia Titania majina ya utando wa buibui na mbegu ya haradali. Lakini katika tamthilia hiyohiyo ugomvi wa Titania na mumewe Oberon unavuruga majira ya mwaka na kuiozesha nafaka mashambani. Shakespeare bado aliijua habari ya nafaka. Waliomfuata walichukua haradali wakaiacha nafaka.

Kufikia karne ya 19 wachoraji wa Uingereza walikuwa wamewavisha viumbe hawa mbawa za wadudu na kuwaketisha juu ya uyoga. Mwaka 1904 J. M. Barrie aliipandisha jukwaani Peter Pan, na Tinker Bell akaonyeshwa hadhira kama kimulimuli cha mwanga tu. Mwaka 1953 kampuni ya Disney ikampa sura ambayo watoto wa dunia nzima wanaijua hadi leo. Mwaka 1959 kampuni hiyohiyo ikatoa Darby O'Gill and the Little People, ambamo Ireland yenyewe inageuzwa kuwa nchi ya vijizee vya mzaha.

Tukio la Cottingley linaonyesha mchoro ulivyokuwa umeumeza uhai. Mwaka 1917, katika kijiji hicho cha Yorkshire, Elsie Wright aliyekuwa na umri wa miaka 16 na binamu yake Frances Griffiths wa miaka 9 walipiga picha zilizowaonyesha wakiwa na vijitu vyenye mbawa. Arthur Conan Doyle, muumba wa mpelelezi Sherlock Holmes, aliziamini, akaziandikia makala mwaka 1920 na kitabu kizima mwaka 1922. Mwaka 1983 wanawake hao walikiri kwamba vijitu hivyo vilikuwa michoro ya karatasi iliyosimamishwa kwa pini, na kielelezo chake kilikuwa katika kitabu cha watoto cha mwaka 1914 ambacho Doyle mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wake. Doyle alikuwa na asili ya Ireland, na baba yake na ami yake walikuwa wachoraji mashuhuri wa viumbe hao. Aliposhikishwa picha ya karatasi aliitambua mara moja, kwa kuwa aliona alichokuwa amelelewa kukiona.

Haki yadai ikubalike kwamba udogo peke yake si uzushi wa Waingereza. Katika kisa cha kale cha Fergus mac Léti mna viumbe wadogo wa majini waitwao lúchorpáin, ambao wataalamu wengi huwahusisha na leipreachán, yule fundi viatu wa ngano za baadaye. Lakini wadogo hao wanafanya nini? Wanamkuta mfalme amelala, wanamvua upanga, wanambeba hadi baharini, na mfalme anaamka pale tu miguu yake inapoguswa na maji. Udogo huo haukuwafanya vikaragosi. Kilichowafanya vikaragosi ni kuwanyima uwezo wa kudhuru, kwa sababu kiumbe asiyeweza kudhuru hana dai lolote analoweza kulisimamia.

Upotofu wa Pili

Wapo walioliona kosa hilo mapema wakakimbilia ncha ya pili. T. Crofton Croker, karani wa serikali mjini London, alichapisha mwaka 1825 mkusanyiko wa ngano za kusini mwa Ireland ambao ndugu Grimm waliutafsiri kwa Kijerumani mwaka uliofuata. Humo mkulima ni mtu wa kuchekesha, mara nyingi mlevi. W. B. Yeats alikerwa na kicheko hicho, na ni sifa yake kwamba alikerwa. Lakini alipotoa mkusanyiko wake wa mwaka 1888 alitegemea zaidi vitabu vya waliomtangulia, wala hakukijua Kigaeli. Alipotoa kitabu chake cha mwaka 1893 kuhusu machweo ya Kiselti, mkulima aliyechekwa na Croker alikuwa amegeuka mtu wa njozi, mwenye kuona mbali kwa kuwa eti hakuwa ameharibiwa na elimu. Kumcheka mtu na kumwabudu kunakutana mahali pamoja: pote pawili mtu huyo haulizwi anachotaka.

W. Y. Evans-Wentz, mtaalamu kutoka Marekani, alizunguka katika nchi za Kiselti na mwaka 1911 akatoa kitabu kikubwa kilichohitimisha kwamba ulimwengu wa viumbe hao upo kweli, katika hali ya kuwapo isiyoonekana kwa wengi. Hitimisho hilo limewapendeza sana wapenzi wa mambo ya siri. Lakini katika kitabu hichohicho mna simulizi za kaunti ya Galway zisemazo kwamba wakati wa njaa kuu watu wa vilima walionekana wakipigana angani juu ya kilima cha Knockma, na kwamba viazi viliharibika kwa sababu ya vita hivyo. Evans-Wentz aliyasoma hayo kama ushahidi wa ulimwengu mwingine. Yapasa yasomwe kama ushahidi wa ulimwengu huu. Kati ya mwaka 1845 na 1852 watu wapatao milioni moja walikufa Ireland na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Mkulima alijua kwamba aliponea chupuchupu katika vita ambavyo hakushirikishwa na ambavyo wakuu wake walivipigania juu ya kichwa chake. Aliisema kweli hiyo kwa lugha aliyokuwa nayo.

Lady Augusta Gregory anastahili sifa kubwa kuliko wote hawa. Alijifunza Kigaeli, na kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu maono na imani za magharibi mwa Ireland kinawaachia wasimulizi nafasi ya kusema kwa maneno yao. Pamoja na hayo, alikuwa mjane wa Sir William Gregory wa Coole, mbunge ambaye mwaka 1847, katikati ya njaa hiyo, alifanikiwa kutia katika sheria kifungu kilichomnyima msaada mtu yeyote aliyeshikilia zaidi ya robo ekari ya ardhi. Wengi walilazimika kuchagua baina ya shamba na chakula. Miongo kadhaa baadaye wazee wa eneo hilohilo walimsimulia bibi wa jumba la Coole habari za waungwana wa chini ya kilima, wachukuao vijana na mama wanyonyeshao na kuacha nyumba tupu. Mhakiki asiyeusikia mwangwi huo anahitaji kuulizwa kama amewahi kuifundisha fasihi simulizi.

Swali hili si geni Nairobi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai Idara ya Kiingereza ivunjwe, waliipa fasihi simulizi nafasi kubwa katika mpango waliopendekeza mahali pake. Tangu hapo kila mwanafunzi hufunzwa kuuliza ni nani anayesimulia, anamsimulia nani, wapi, na kwa haja gani. Ni aibu kwa mwalimu anayeyasisitiza maswali hayo akishughulikia ngano za Mkamba au Mgiriama kuyasahau mara anapovuka bahari, kana kwamba fanani na hadhira ni mali ya Afrika peke yake na huko Ulaya hadithi hujiotea zenyewe kama uyoga.

Mwanamke wa Ballyvadlea

Kwa wale wanaodhani mjadala huu ni wa ladha tu, kesi ya Bridget Cleary ndiyo jibu. Alikuwa mshonaji, mke wa mtengeneza mapipa aitwaye Michael Cleary, na waliishi Ballyvadlea katika kaunti ya Tipperary. Alikuwa na cherehani yake, alifuga kuku na kuuza mayai, na hakuwa na mtoto. Mwezi Machi 1895 aliugua. Daktari aliitwa, na kasisi pia. Hata hivyo mumewe alishikilia kwamba mgonjwa aliyekuwa kitandani hakuwa mkewe, ila kitu kilichoachwa na watu wa vilima mahali pake. Mbele ya baba yake mzazi, shangazi yake na binamu zake, alinyweshwa dawa za mitishamba kwa nguvu, akasogezwa juu ya moto, na kuulizwa mara kwa mara, kwa jina la Mungu, kama yeye ndiye Bridget mke wa Michael. Tarehe 15 Machi mumewe alimmwagia mafuta ya taa akamteketeza. Maiti yake ilipatikana tarehe 22 Machi katika kaburi la juujuu.

Baada ya mauaji hayo Michael Cleary alikwenda kungoja penye boma la Kylenagranagh. Alisema mkewe halisi angepita akiwa juu ya farasi mweupe, naye angemkatia kamba na kumrudisha nyumbani. Alikuwa akiungoja mwisho wa ngano. Kisa cha mume anayekwenda usiku kumwokoa mkewe katika msafara wa wapanda farasi wa kilimani kilijulikana kote nchini, na mara nyingi wasimulizi walikimaliza kwa mume kukosa ujasiri katika dakika ya mwisho. Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 20, akaachiliwa mwaka 1910.

Magazeti yaliyopinga Ireland kujitawala yalilishangilia tukio hili kuwa ushahidi kwamba taifa la washirikina haliwezi kukabidhiwa serikali. Huo ulikuwa ulaghai, kwa kuwa majirani waliofadhaika walikwenda kutoa habari, na mahakama iliwahukumu waliohusika. Lakini waliotaka kulitetea taifa walijibu kwa ulaghai wa pili: walinyamaza, au walisema imani halisi ya Kiselti haina uhusiano na unyama kama huo. Inao. Angela Bourke, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kesi hii, ameonyesha jinsi lugha ya watu wa vilima ilivyowawezesha watu kusema jambo lisilosemeka kwa njia nyingine. Mwanamke mwenye kipato chake, asiye na mtoto, asiyenyenyekea vya kutosha, angeweza kuambiwa kwamba yeye si yeye. Lugha hiyohiyo iliyomwezesha mnyonge kumsema kabaila ilimwezesha mume kumwondoa mke katika idadi ya watu. Ndiyo maana haifai kuichezea, na ndiyo maana haifai kuiabudu.

Adha ya Tafsiri

Kosa la kihakiki huzaa kosa la tafsiri, na hapa mzigo unawaangukia wanaoandika kwa Kiswahili. Wengine huchukua neno jini. Jini ana nafasi yake katika itikadi ya Kiislamu: ameumbwa kwa moto, anawajibika mbele ya Mungu, na anaweza kuwa muumini au kafiri. Kumwazima kwa ajili ya aos sí ni kuwapa akida ambayo hawana. Zimwi naye ni mla watu wa ngano, na hana kijiji wala mkataba. Mzimu unakaribia kidogo, maana wasimulizi wa Ireland mara nyingi waliwaona marehemu wao miongoni mwa watu wa vilima, lakini mzimu ni wa ukoo na hutambikiwa na ukoo. Kichimbakazi ni neno la kamusi ambalo wasomaji wengi hawalitumii, na ngeli yake inakaribisha tena udogo uleule uliokwisha kukanushwa.

Neno linalopotosha kuliko yote ni pepo. Katika mila za pwani pepo humpanda mtu kichwani na kunena kwa kinywa chake. Huulizwa jina lake na anachokitaka, hupigiwa ngoma, akaridhishwa au akatolewa. Mtu mwenyewe yupo palepale, na mwili unaotetemeka mbele ya watu ni mwili wa jamaa yao. Watu wa vilima hawaingii ndani ya mtu. Humchukua mtu na kuacha badala. Mwili unaobaki kitandani ni wa mgeni aliyevaa sura ya mpendwa. Tofauti hii ndiyo kiini cha mkasa wa Ballyvadlea, kwa maana mwenye kuamini kwamba jamaa yake amepandwa na pepo ana sababu ya kuutunza mwili huo, ilhali mwenye kuamini kwamba jamaa yake ametwaliwa anaweza kuushambulia akidhani hamgusi. Mfasiri anayesema Bridget Cleary "alishikwa na pepo" ameifuta maana ya kifo chake kwa neno moja.

Istilahi zilizo wazi zinatosha: watu wa vilima kwa aos sí, badala kwa kile kinachoachwa, na mwanamke wa kilima kwa bean sí. Huyu wa mwisho naye ameonewa sana na filamu za kutisha, ambazo zimemfanya muuaji. Utafiti wa Patricia Lysaght wa mwaka 1986 umeonyesha wazi kwamba katika mapokeo hamuui mtu. Hulia. Hufuata koo za kale na kuomboleza kabla ya kifo cha mmoja wao, kazi ileile waliyoifanya wanawake waombolezaji wa vijijini.

Mapingamizi

Yapo mapingamizi matatu. La kwanza ni kuwa hadithi za watoto hazidhuru mtu, na mtoto ana haki ya kufurahia kiumbe mwenye mbawa. Haki hiyo haipingwi na yeyote. Kinachopingwa ni mhadhiri kumleta kiumbe huyo darasani na kumwita wa Kiselti.

Pingamizi la pili ni kuwa watu wa Ireland wenyewe huuza vinyago vya leipreachán kwa watalii. Ni kweli. Lakini watu haohao walianzisha Tume ya Ngano mwaka 1935, na kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi zaidi ya 50,000 wa shule za msingi zipatazo 5,000 waliandika waliyosimuliwa na wazee wao. Maandishi hayo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dublin cha UCD na siku hizi husomwa bila malipo katika intaneti. Mhakiki anayeshika kinyago cha dukani akaacha ghala hilo hawezi kuwalaumu wenye duka.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba usomaji unaosisitiza ardhi na mamlaka hugeuza sanaa kuwa sosholojia. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu iwapo usanii wa ngano hizi ungekuwa katika mapambo. Sivyo ulivyo. Msimulizi hutaja shamba kwa jina, jirani kwa jina, jioni na hali ya hewa, kisha huacha jambo moja lisiloelezeka litokee katikati ya mambo yote yanayoelezeka. Hofu ya msikilizaji hutokana na uzito wa vitu halisi vilivyolizunguka jambo hilo. Ukiondoa shamba na kodi yake, ukamwondoa mke na mtoto mgonjwa, hutabaki na sanaa safi zaidi. Utabaki na ua lenye kijitu ndani yake.

Hitimisho

Mwaka 1999, huko Latoon katika kaunti ya Clare, msimulizi Eddie Lenihan alitangaza kwamba mti mmoja wa miiba uliokuwa katika njia ya barabara kuu iliyopangwa ulikuwa mahali pa kukutania pa watu wa vilima wa Munster, na kwamba haufai kukatwa. Barabara ikapita kando na mti ukaachwa. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliyakata matawi yake kwa msumeno, nao ukachipuka upya. Magazeti ya dunia yalilipokea jambo hili kwa tabasamu, na tabasamu hilo ni la Croker. Lakini ndani ya kisa hicho limo lile swali la De Gabáil in t-Sída: anayekata ardhi ili apitishe njia yake anadaiwa nini na waliokuwamo kabla yake?

Idara za fasihi zina wajibu wa wazi. Palipo na Yeats katika mtaala, pawepo pia ushahidi wa kesi ya mwaka 1895 na maandishi ya wanafunzi wa mwaka 1937. Palipo na picha ya mbawa, paulizwe ni nani aliyezichora na mwaka gani. Na anayefasiri aandike watu wa vilima, kisha awaachie wasomaji kazi ya kuuliza kilima hicho ni cha nani.